Kuoza ni Kazi, na Kazi Ina Wenyewe



Sisi tunaopenda kupekua vitenzi tunajua Kiswahili kina "kuoza" mbili. Moja ni ya mzee anayemwoza binti yake, na hiyo ina watendaji tele: baba yupo, kadhi yupo, mashahidi wapo, mahari yamehesabiwa. Nyingine ni ya embe lililoanguka chini ya mti, na hii haina mtendaji hata mmoja. Embe limeoza. Nani kaliozesha? Hatuulizi. Lugha yenyewe inatuzoeza kuona kwamba kitu kikishakufa kinaoza chenyewe tu, siku zikipita, kama jua linavyozama.

Mie kazi yangu ya miaka mingi huku Uingereza ni udongo na vinavyoishi ndani yake, na leo naomba nidai mbele yenu kwamba hiyo kuoza ya pili nayo ina watendaji. Wanajulikana kwa majina, wanahesabika, na wakiondoka kazi inasimama. Sehemu kubwa ya hao watendaji ni wadudu. Na si habari ya darasani tu. Inagusa mifugo ya kwetu na hela za dawa ambazo wengi wetu tunazituma nyumbani. Nitafika huko, nivumilieni kidogo.

Tuanze na imani ya zamani. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kwamba nyama ikioza inazaa mabuu yenyewe, yaani yale mabuu ni nyama iliyogeuka. Mwaka 1668 tabibu mmoja wa Italia, Francesco Redi, akachapisha jaribio rahisi sana: vyombo vya nyama vingine wazi, vingine vimefunikwa, pamoja na vile alivyovifunika kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Penye wazi nzi walitua, mabuu wakatoka. Penye kitambaa nzi walizunguka juu wakashindwa kufika kwenye nyama. Kwa hiyo mabuu ni watoto wa nzi. Jambo dogo, mtasema, lakini ndipo mlango ulipofunguka, maana kama mabuu hawatoki ndani ya mzoga bali wanakuja kutoka nje, basi unaweza kuwazuia, na ukiwazuia unaweza kuona mzoga unafanya nini bila wao.

Jaribio hilo la pili lilikuja baadaye sana. Mwaka 1965 Mmarekani Jerry Payne alichapisha utafiti alioufanya South Carolina wakati wa kiangazi kwa vitoto vya nguruwe vilivyokufa (samahani kwa mfano, mnyama kachaguliwa na mtafiti, si mimi). Baadhi ya mizoga aliiacha wadudu waifikie, mingine akaizuia wasiifikie. Ile iliyoachwa wazi, asilimia 90 yake ilikuwa imeondoka katika siku 6. Ile iliyozuiwa ikaoza na kukauka polepole mno, na umbo lake likabaki kwa muda mrefu. Joto ni lile lile, unyevu ni ule ule, bakteria ni wale wale waliomo ndani ya kila mwili. Tofauti ni wadudu tu. Na katika mizoga ile Payne aliokota aina 522 za viumbe, wengi wao wadudu. Kwa mzoga wa kitoto cha nguruwe! Hapo si vurugu, ni zamu. Wa kwanza ni nzi wale wa kijani na bluu wanaong'aa, wanafika ndani ya dakika chache na kutaga kwenye macho, pua na majeraha. Mabuu wakishajaa wanakula kwa kundi, na kundi likiwa kubwa linatoa joto lake lenyewe, kiasi kwamba katikati yake pana joto kuliko hewa ya nje. Wakishiba wanaondoka kwa pamoja kwenda kujifukia ardhini. Nyuma yao wanakuja mbawakawa wanaowala mabuu wenyewe, na mwisho kabisa, mzoga ukishakuwa ngozi na mifupa, wanakuja mbawakawa wadogo wa ngozi, wale wale wanaoharibu ngozi zilizokaushwa ghalani.

Sasa kabla wenzangu wa baiolojia hamjanirukia, najua mtakalosema: wanaovunja vitu hasa, kwa maana ya kemia, ni bakteria na kuvu. Kweli kabisa. Selulosi ya jani na lignini ya mti, wadudu wachache mno wanaoweza kuzimeng'enya bila msaada wa hao wadogo. Lakini bakteria hana meno wala miguu. Jani lina ngozi yenye nta, gogo lina ganda, lundo la mavi ya ng'ombe likipigwa na jua linaota ukoko mgumu juu. Bakteria anakaa nje akingoja. Mdudu ndiye anayevunja mlango. Anatafuna jani moja linakuwa vipande elfu, na kila kipande kina kingo mpya za kushambuliwa. Anatoboa njia za hewa na maji. Anabeba mbegu za kuvu mwilini mwake kutoka mti uliokufa jana hadi huu uliokufa leo. Kumuuliza mtu nani anaozesha, mdudu au bakteria, ni kama kuuliza nani kapika wali, moto au mpishi.

Hapa Uingereza jambo hili lilipimwa vizuri mwaka 1963 kwenye kituo cha kilimo cha Rothamsted. Edwards na Heath walikata vipande vya duara vya majani, wakavitia katika mifuko ya neti yenye matundu ya ukubwa mbalimbali, wakaifukia. Mifuko yenye matundu makubwa, yanayopitisha minyoo ya ardhini na wadudu, majani yakaliwa. Mifuko yenye matundu madogo kiasi cha kupitisha bakteria na kuvu tu, baada ya miezi 9 vipande vilikuwa bado havionyeshi dalili ya kuliwa. Nilipokuwa nafanya udaktari wangu nilishona mifuko ya namna hiyo mpaka vidole vikaota sugu, na mama mwenye nyumba wangu akaamini kwamba nasomea ushonaji. Nikiri tu kwamba katika nchi za baridi kama hii, minyoo ya ardhini inafanya sehemu kubwa ya kazi. Ukishuka kwenye joto na ukame, ambako mnyoo hawezi kukaa juu ya udongo mkavu, kazi hiyo inashikwa na wadudu.

Na mfano mkubwa kuliko yote upo kwetu. Mwaka 1974 Anderson na Coe walichapisha walichokiona Tsavo, Kenya, kuhusu mavi ya tembo. Lundo moja la kilo 1.5 lilijiwa na madundu wapatao 16,000, na ndani ya masaa mawili lilikuwa limeshaliwa, limeviringishwa, limefukiwa, limekwisha. Elfu kumi na sita. Nawasomea wanafunzi wangu takwimu hii kila mwaka na kila mwaka kuna mmoja anayedhani nimekosea nukta.

Madundu hawa nadhani wote mnawajua, ingawa kila mahali wana jina lao. Ni wale weusi, wazito, wanaoruka kwa kelele jioni na kugonga taa. Tunayemkumbuka sote ni yule anayeviringisha donge la mavi kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, kinyumenyume. Wamisri wa kale walimpa nafasi katika dini yao, wakaona anavyosukuma donge kama jua linavyosukumwa mbinguni. Nao watafiti wa Sweden na Afrika Kusini walionyesha mwaka 2013 kwamba mmoja wa jamii yake, usiku usio na mwezi, anashika njia yake iliyonyooka kwa kuangalia mkanda wa nyota wa Njia ya Maziwa, au tuseme Njia Nyeupe, kila mtu achague jina lake. Walimvika kikofia kidogo cha karatasi asione mbingu, akapotea. Lakini huyu muviringishaji ndiye maarufu tu, si ndiye mkuu. Wapo wanaoishi ndani ya lundo lenyewe bila kuhamisha kitu, na wapo wachimbaji, ambao kwa hesabu ya mavi wanayofukia ndio mhimili wa kazi. Mchimbaji anachimba shimo chini ya lundo, mara nyingi mume na mke pamoja, wanashusha mavi chini, wanayafinyanga, wanataga yai, wanafunika. Buu akitoka anakuta chakula chake chote kimeshaandaliwa.

Mtu atasema, haya, wanakula mavi, sisi inatuhusu nini? Swali hilo lina jibu, na jibu lake liko Australia. Huko ndiko binadamu, bila kukusudia, walikolifanya jaribio la Payne kwa ukubwa wa bara zima.

Meli za kwanza za Waingereza zilizopeleka wafungwa Australia zilifika mwaka 1788. Njiani zilitia nanga Rasi ya Tumaini Jema, na huko wakanunua ng'ombe. Yaani ng'ombe wa kwanza wa Australia walipakiwa Afrika! Ng'ombe wakapanda meli, madundu wakabaki bandarini. Hakuna aliyewaza kuwachukua, na nani angewaza? Australia ilikuwa na madundu wake wenyewe, aina mamia, lakini hao walikuwa wamezoea kwa mamilioni ya miaka mavi ya kangaruu na jamaa zake: vidonge vidogo, vikavu, vyenye nyuzinyuzi. Lundo la ng'ombe, pana kama sinia na majimaji kama uji, wengi wao hawakujua walifanye nini.

Basi ng'ombe wakaongezeka na mavi yakabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ile ilikuwa na ng'ombe wapatao milioni 30. Ng'ombe mmoja anaangusha malundo kama 10 au zaidi kwa siku. Fanyeni hesabu: malundo milioni 300 kila siku iendayo kwa Mungu, na kila moja likikauka linabaki hapo kwa miezi, penye ukame hata kwa miaka. Majani yaliyofunikwa yanakufa. Majani ya pembeni yanaota marefu na mabichi lakini ng'ombe hayagusi, anaona yana harufu. Kwa hiyo malisho yanapotea mara mbili. Halafu nzi. Kule kuna nzi wa aina mbili wanaozaliana ndani ya mavi mabichi: mmoja anawanyonya ng'ombe damu kaskazini, mwingine anawatambaa watu machoni na mdomoni. Ule mwendo wa mkono wa kufukuza nzi usoni uliitwa kwa utani saluti ya Kiaustralia, na utani huo ulikuwa na mzizi wake chini ya ng'ombe.

Aliyeona kiini cha tatizo alikuwa mhamiaji, jambo ambalo ninalitaja kwa furaha katika kikao chetu hiki. George Bornemissza alizaliwa Hungary mwaka 1924, akapata udaktari wake Innsbruck, Austria, akafika Australia mwishoni mwa 1950. Mwaka uliofuata, akitembea mashambani karibu na Wooroloo, magharibi ya nchi, akashangaa: mbona mavi yamejaa hivi? Kwao Hungary hayakai. Mwenyeji alikuwa amezaliwa akiyaona, kwake ndivyo shamba lilivyo. Mgeni ndiye aliyeona pengo, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona mahali ambapo pengo hilo limezibwa. Mwaka 1960 akaandika makala ya kuuliza kama wadudu walao mavi wanaweza kuyafaa malisho, na kuanzia 1965 hadi 1985 taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, CSIRO, ikaendesha mradi wa kuleta madundu kutoka nje.

Waende wapi kuwatafuta? Afrika, bila shaka. Kusini mwa Sahara kuna aina zaidi ya 2,000 za madundu hawa, maana kuna wanyama wakubwa wa kila namna na mavi ya kila namna. Kituo kikafunguliwa Pretoria mwaka 1970. Lakini Australia iliogopa magonjwa ya mifugo ya Afrika, ugonjwa wa miguu na midomo hasa, na dundu anayetoka kwenye mavi ya ng'ombe hawezi tu kupita forodhani. Kwa hiyo viza yao ilikuwa ngumu kuliko ya yeyote kati yetu. Hawakuruhusiwa kuingia wao, yaliruhusiwa mayai yao. Kila yai lilitolewa ndani ya donge lililotengenezwa na mama yake, likaoshwa kwa dawa ya formalini, likasafirishwa kwa ndege, na kule likapandikizwa ndani ya donge jingine la mavi ya Australia lililofinyangwa kwa mikono ya binadamu. Watu wazima wenye shahada zao wamekaa maabara wanafinyanga mavi. Wakitoka hao wanazalishwa kizazi kingine chini ya karantini, ndipo watoto au wajukuu wanaachiwa mashambani. Wa kwanza waliachiwa mwaka 1968, Queensland.

Mwisho wa mradi aina 43 zilikuwa zimeachiwa. Zilizoota mizizi ni 23. Hesabu hiyo inanipendeza kwa sababu haina majigambo: karibu nusu zilishindwa, hata baada ya kazi yote ile. Dundu wa udongo wa mfinyanzi hataki mchanga, wa mvua za kiangazi hawezi mvua za baridi, wa usiku hashughuliki na lundo la mchana. Penye aina zilizoshika, lundo linaweza kutawanywa kwa siku moja au mbili, na nzi wakapungua. Penye msimu usio na dundu wake, mavi bado yanakaa na nzi bado wanazaliwa. Ndiyo maana katika miaka ya 2010 walirudi tena nje, safari hii kusini mwa Ulaya na Moroko, kutafuta wa kuziba msimu wa kuchipua. Mimi naliona hili ndilo funzo la mradi mzima kwa mtaalamu wa udongo: "wadudu" si kitu kimoja. Kila tundu katika kalenda lina mwenyewe.

Nini hasa kinatokea dundu akifukia? Lundo likibaki juu ya ardhi, sehemu kubwa ya naitrojeni yake inapotea hewani kama amonia, ndiyo ile harufu. Likifukiwa siku ya kwanza, naitrojeni hiyo inabaki kwenye mizizi. Mashimo yenyewe yanakuwa mifereji ya mvua, maji yanaingia badala ya kutiririka na kubeba udongo. Mayai ya minyoo ya tumbo ya ng'ombe, ambayo yanatoka na kinyesi na kungoja kuliwa tena na majani, mengi yanazikwa au yanakauka. Na nzi wananyang'anywa chakula. Kuna hata abiria: madundu wengi wanabeba mwilini utitiri wadogo wanaopanda bure, na wakifika kwenye lundo jipya wanateremka wanakula mayai ya nzi. Mbolea, maji, minyoo, nzi, kazi nne kwa ujira wa mavi.

Mchwa niwapitie haraka, ingawa wanastahili makala yao. Wakati wa kiangazi kikali madundu wengi wa kwetu wako chini wanangoja mvua, na zamu ya mavi makavu, majani na magogo wanaishika mchwa. Wale wenye vichuguu vikubwa hawameng'enyi wenyewe kila walichokusanya, wanalima kuvu ndani ya kichuguu na kuvu ndiyo inayowasaga majani na vijiti. Uyoga mtamu unaotoka kichuguuni baada ya mvua, ambao mama zetu waliufuata alfajiri, ni tunda la shamba hilo. Kwa dunia nzima kazi hii si ndogo: utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021, uliolinganisha magogo yaliyofikiwa na wadudu na yaliyozuiwa katika misitu ya mabara 6, ulikadiria kwamba miti iliyokufa inatoa tani bilioni 10.9 za kaboni kwa mwaka, na wadudu wanahusika na asilimia 29 ya hizo. Bahati mbaya mchwa hajui tofauti ya gogo la msituni na mlango wa nyumba ya urithi, kwa hiyo sifa zake huwa hazisikilizwi.

Sasa nije nyumbani na zile hela.

Wengi wetu tuna ng'ombe kwa kaka, kwa mjomba, kwa mtu fulani, na tunapigiwa simu: tuma ya dawa. Dawa mojawapo ni sindano ya ivermektini. Ni dawa nzuri, tusichezee hilo. Imetokana na bakteria wa udongo aliyeokotwa Japani na Satoshi Omura, na yeye pamoja na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Imeingia katika tiba ya mifugo tangu 1981. Kwa binadamu imeokoa macho ya mamilioni dhidi ya ule upofu unaoletwa na usubi wa mitoni. Inaua minyoo ya ndani na kupe na utitiri wa nje kwa mpigo mmoja, na ndiyo maana mfugaji anaipenda.

Lakini sehemu kubwa ya dawa hiyo haivunjwi mwilini mwa ng'ombe. Inatoka na mavi, ikiwa bado ni dawa, na bado inaua. Mwaka 1987 Wall na Strong wa Bristol walionyesha hapa Uingereza kwamba mavi ya ndama waliowekewa kidonge cha kutoa dawa hiyo kidogokidogo hayakuoza kama kawaida. Ya ndama wasiotibiwa yaliliwa na kutawanyika, ya waliotibiwa yakabaki yamekaa. Yale yale ya Australia, safari hii ndani ya dozi. Tangu hapo watafiti wamebishana juu ya ukubwa wa madhara, na wana haki ya kubishana: kidonge cha kudumu ni kibaya kuliko sindano moja, na kundi lenye wanyama wachache waliotibiwa si sawa na kundi zima. Lisilobishaniwa sana ni kwamba katika wiki za kwanza baada ya sindano, mabuu wa madundu na wa nzi ndani ya mavi hayo wengi wanakufa. Nzi anazaa haraka, anarudi. Dundu mkubwa anataga mayai machache tu, harudi upesi.

Jambo hili litakuwa kubwa zaidi. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Kwale, pwani ya Kenya, ambako watu walipewa ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu ili mbu wanaowauma wafe, na maambukizo ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yakapungua kwa asilimia 26. Ni habari njema. Wapo wanaopendekeza mifugo nayo ipewe, kwa kuwa baadhi ya mbu wa malaria wanauma ng'ombe sana. Mie siwapingi, mtoto wa Kwale ni bora kuliko dundu. Nasema tu kwamba hesabu ya pendekezo hilo iwe na safu ya mavi ndani yake, kwa sababu gharama ikisahauliwa mezani italipwa na malisho.

Na kuna njia. Kwa mbung'o imeshaonekana: badala ya kummwagia ng'ombe dawa mwili mzima, unampulizia miguu na tumbo tu, mahali mbung'o anapopenda kuuma. Uganda walianza kuitumia mbinu hiyo kwa upana mwaka 2006. Dawa inayotumika inapungua sana, na mavi yanapata afueni. Kwa minyoo nako kuna la kufanya. Mwambieni mjomba amtibu ng'ombe anayeumwa, asichome zizi zima kwa sababu chupa imefunguliwa. Amuulize mtaalamu wa mifugo kama albendazole au levamisole zinatosha kwa minyoo aliyonayo, maana hizo haziwadhuru sana wadudu wa mavi, na hata moxidectin, ambayo ni jamaa wa ivermektini, ina nafuu kwao. Kama ni lazima ivermektini, aepuke kuichoma wiki ile ile mvua za kwanza zinapoanguka, kwa kuwa ndipo madundu wanapotoka ardhini na kuanza kutaga.

Na mkienda likizo, chukueni kijiti mkapindue lundo la jana. Madundu wakiwepo mtaona matundu ya kidole chini yake na vichuguu vidogo vya udongo mpya pembeni. Mkiona lundo la wiki mbili katikati ya masika, zima, halina hata tundu, mwulizeni mchungaji ng'ombe walichomwa sindano lini, na ya nini.